Flashi ndani ya ukumbi wa harusi: kwa nini uso unatoka mweupe na ukumbi unabaki giza

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga picha wa Morogoro, huu ni mwaka wangu wa pili kazini. Nimenunua flashi ya kwanza ya kuvalisha juu ya kamera, na Jumamosi iliyopita nikapiga nayo harusi ukumbini. Niliweka ISO 200 (usikivu wa kamera kwa mwanga), shata 1/200 (sehemu ya sekunde inayobaki wazi), tundu la lenzi f/5.6 (namba ikipungua, tundu linapanuka), na flashi kwenye TTL, yaani ijipimie nguvu yenyewe. Uso wa bibi harusi umetoka mweupe kuliko shingo yake, mapaji ya nyuso yanang'aa, na nyuma yao ni giza tupu kana kwamba hawakualika mtu. Nilipoielekeza flashi juu, wote wakawa rangi ya zambarau, maana dari ilikuwa imefunikwa vitambaa vya rangi hiyo. Ilipofika zamu ya kukata keki, flashi ikakataa kabisa kuwaka. Je, ni mbovu, au ninunue kubwa zaidi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Flashi yako si mbovu, na ukinunua kubwa zaidi utapata picha zilezile zenye kasoro zilezile, ila utakuwa umezilipia zaidi. Kilichokuangusha ni kuitwisha flashi kazi ya kuangaza ukumbi mzima, kazi ambayo flashi yoyote ya betri nne haiiwezi, huku taa za ukumbi zilizokuwa zinawaka bure ukizifungia nje ya kamera. Ndani ya ukumbi kila picha ni picha mbili zilizopandana: ya kwanza imepigwa na taa za ukumbi, ya pili imepigwa na flashi. Ukizitenganisha kichwani mwako kabla ya kubonyeza, karibu kila ulichoniuliza kinajijibu.

Nianze na giza la nyuma. Mwanga unaotoka kwenye chanzo kidogo hupungua kwa mraba wa umbali, yaani umbali ukizidi mara mbili, mwanga unabaki robo. Kama bibi harusi alikuwa mita 2 kutoka kwako na meza ya kwanza ya wageni ilikuwa mita 8, wageni walikuwa mbali mara nne zaidi, kwa hiyo walipata sehemu moja ya kumi na sita ya mwanga aliopata yeye. TTL ikapima, ikamtosheleza yeye, hata ikamzidishia kama nitakavyoeleza mbele, ikazima. Wageni hawakupotea kwa sababu flashi ilikuwa dhaifu. Hata ungekuwa na taa ya uwanja wa mpira juu ya kamera yako, uwiano ule wa moja kwa kumi na sita ungebaki palepale.

Wageni wale walipaswa kuangazwa na taa za ukumbi, na hapo ndipo namba zako zilipowanyima. Kwa kumbi za kawaida za harusi, mimi huanza na ISO 1600, tundu f/2.8 na shata 1/50. Linganisha na zako: kutoka ISO 200 hadi 1600 ni mara 8, kutoka 1/200 hadi 1/50 ni mara 4, na kutoka f/5.6 hadi f/2.8 ni mara 4 tena. Zidisha zote, utapata mara 128. Ulikuwa unaupa ukumbi sehemu moja ya 128 ya mwanga ambao ningeupa mimi, kisha ukashangaa umetoka mweusi.

Sasa utaniuliza, na ni swali la haki, kama shata ya 1/50 haitaleta picha za kutikisika. Mweko wa flashi hudumu muda mfupi mno, na nguvu ikiwa ndogo hudumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, kwa hiyo shata ikiwa wazi kwa 1/50 au kwa 1/200, mweko unaingia wote, na ni huo mweko unaougandisha uso. Shata inaongoza mwanga wa ukumbi peke yake. Tundu la lenzi na ISO zinaongoza mianga yote miwili. Nguvu ya flashi inaongoza mweko tu. Ukitaka ukumbi ung'ae zaidi bila kuugusa uso, punguza kasi ya shata. Ukitaka uso uongezeke bila kuugusa ukumbi, ongeza nguvu ya flashi. Sharti ni moja: mwanga wa ukumbi unaomwangukia mtu mwenyewe uwe hafifu kuliko wa flashi, kwa kiasi cha robo yake hivi, la sivyo mtu anayecheza ataacha mkia wa ukungu pembeni mwa mkono. Wakati wa kuserebuka mimi hupandisha shata hadi 1/100 na kuongeza ISO hadi 3200.

Namba hizi mbili, 1/50 na 1/100, sikuziokota barabarani. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi zilizounganishwa nao hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata ya 1/50 inachukua mapepeso mawili kamili, ya 1/100 inachukua moja kamili. Ya 1/200 inachukua nusu, na ndiyo maana wakati mwingine unaona mistari ya kiza ikikatiza picha, au picha tatu zilizofuatana zikiwa na rangi tatu tofauti. Zile taa za rangi za kwenye jukwaa la muziki zina tabia zake nyingine, na hizo huwezi kuzifuga zote. Kwa upande wa juu usipite 1/200 au 1/250, kutegemea kamera yako, kwa sababu zaidi ya hapo shata haifunguki nzima kwa wakati mmoja, na mweko wa kawaida utaangaza kipande tu cha picha.

Fanya hivi siku ya kazi. Fika ukumbini saa moja kabla, mwombe mtu wa taa awashe taa zitakazotumika usiku, zima flashi yako, kisha piga picha ya meza kuu ikiwa tupu. Endelea kurekebisha mpaka mapambo yaonekane, lakini yawe na kiza kidogo kuliko unavyoyaona kwa macho. Namba hizo ndizo za usiku huo, ziandike hata kwenye kiganja. Baada ya hapo washa flashi, msimamishe mpambaji mmoja mahali watakapokaa maharusi, na umwangazie yeye tu.

Kuhusu kuielekeza juu, wazo lako lilikuwa sahihi, ila dari haikuwa upande wako. Flashi iliyoelekezwa usoni ni taa ndogo kuliko kiganja, iliyokaa karibu na lenzi, na kutoka mbele kabisa. Ndiyo inayoleta macho mekundu, kivuli kikali ukutani na mng'ao kwenye paji. Ukiigeuza ikapiga dari nyeupe, taa yako halisi inakuwa lile doa la mwanga darini, pengine lenye upana wa mita mbili, na mwanga wa doa kubwa hivyo unamzunguka mtu, unamlainisha. Lakini usiielekeze juu moja kwa moja, kwa sababu mwanga unaoshuka wima huyageuza macho kuwa mashimo na pua kuwa na kivuli mdomoni. Igeuze juu na kando, au juu na nyuma ya bega lako, ukijiuliza ungependa dirisha liwe wapi kama harusi hii ingefanyika sebuleni saa nne asubuhi. Mwanga ukitoka upande ambao bibi harusi ameelekea, umefaulu. Kipande cha sponji nyeusi, ukubwa wa kiganja, kikifungwa kwa mpira upande wa flashi unaotazama watu, kinazuia mwanga usiwapige moja kwa moja usoni, na wazee waliokaa nyuma yako watakushukuru pia.

Nguvu itatosha? Piga hesabu. Flashi nyingi za ukubwa wa yako huandikiwa namba ya nguvu 60 kwa ISO 100, lakini hiyo ni pale kichwa chake kinapokuwa kimebana mwanga uendane na lenzi ndefu ya milimita 200. Kwenye milimita 35 inabaki karibu 36. Namba hiyo ukiigawa kwa f unayotumia unapata umbali kwa mita, na kila ISO inapoongezeka mara 4, namba inazidishwa mara 2. Kwa ISO 1600 basi, 36 inakuwa 144, na kwa f/4 ungefika mita 36 ukielekeza moja kwa moja. Kwenye ukumbi wenye dari ya mita 3, mtu akiwa mita 3 mbele yako, mwanga unaopanda na kushuka unasafiri kama mita 4 tu; dari inameza sehemu kubwa na kuutawanya uliobaki, lakini bado mara nyingi unajikuta unahitaji sehemu ya nane au ya kumi na sita ya nguvu. Dari ikipanda hadi mita 6, safari inazidi mara mbili na nguvu inayotakiwa inakuwa karibu mara tano, yaani unaikaribia nusu ya nguvu yote, na kila mweko unasubiriwa. Zaidi ya hapo acha dari, tafuta ukuta.

Na ile kofia ya plastiki nyeupe iliyokuja ndani ya boksi? Ina kazi pale tu ambapo kuna dari na kuta za kurudisha mwanga. Ninapomwona mtu ameivisha flashi kwenye sherehe ya bustanini usiku, naona betri zinamwagwa hewani.

Sasa vitambaa vya zambarau. Mwanga huchukua rangi ya kitu ulichokigonga, na ukishafika usoni na zambarau yake, huwezi kuuondoa kompyutani kwa waiti balansi, yaani kusawazisha rangi ya picha nzima, kwa sababu ukiurudisha uso kwenye kahawia yake, kuta zilizoangazwa na taa za ukumbi zitageuka kijani na manjano. Wapambaji wetu wanapenda kufunika dari nzima, na hilo halitabadilika kwa ajili yako, kwa hiyo ukiingia ukumbini tazama dari na kuta kabla ya kutazama kitu kingine. Mara nyingi kuna upande mmoja uliobaki mweupe: ukuta wa kuelekea jikoni, pazia la nyuma ya meza ya keki, nguzo. Geuza flashi huko. Kama hakuna, beba weupe wako mwenyewe. Msaidizi aliyeshika ubao mwepesi mweupe wa mita moja, akiwa mita moja na nusu kushoto kwako na juu kidogo ya kichwa, ni dari inayotembea. Nimewahi kuurusha mweko kwenye kanzu nyeupe ya mzee mmoja mnene aliyesimama pembeni mwangu wakati wa kulishana keki, bila yeye kujua, na zile ndizo picha familia ilizozitundika ukutani.

Bibi harusi kuwa mweupe kuliko shingo yake, hilo lina sababu mbili, na moja si yako. Poda nyingi za kupambia zenye kinga ya jua, au zile laini nyeupe za kumalizia, hurudisha mweko unaokuja moja kwa moja, na uso unatoka kama umepakwa unga hata kama kwa macho ulikuwa sawasawa. Mwanga uliopitia ukutani huipunguza sana hali hiyo, ila bado zungumza na mpambaji mapema na upige picha moja ya majaribio ya uso kabla bibi harusi hajatoka saluni. Sababu ya pili ni TTL. Kipimo hicho kinataka kila kinachokiona kiwe cha wastani. Shela jeupe likijaza fremu kinapunguza mwanga na nyuso zinafifia, na suti nyeusi za wapambe, au giza la nyuma, zikijaza fremu kinazidisha na nyuso zinaungua. Yako ilidanganywa na giza. Kwa meza kuu, ambako umbali haubadiliki, mimi naachana na TTL na kuweka nguvu kwa mkono. Kwa wanaotembea na kucheza naiacha TTL, nikiongeza theluthi mbili za hatua (hatua moja ni mwanga mara mbili) shela linapotawala na kupunguza kiasi hichohicho giza linapotawala.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu vitabu vingi vya picha havikuandikwa na watu waliokuwa wanapiga ngozi kama zetu. Ngozi nyeusi haionyeshi umbo lake kwa vivuli pekee, inalionyesha zaidi kwa ung'avu: ule mstari wa mwanga kwenye shavu, kwenye daraja la pua, juu ya bega. Chanzo cha mwanga kikiwa kidogo, ung'avu unakuwa nukta kali za jasho; kikiwa kikubwa, unatanda na kuwa sura. Utaliona hilo waziwazi kwenye harusi ya Wachaga ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, inapoletwa ukumbini: ukimpiga yule mbuzi kwa flashi ya moja kwa moja anakuwa madoa meupe juu ya weusi, ukiurusha mwanga ukutani nyama yake iliyochomwa inaonekana kila mkunjo. Kwa hiyo usiogope ngozi kung'aa, na usikimbilie kuongeza mwanga ili uso "uwe mweupe". Ongeza ukubwa wa chanzo, na ukilete kutoka upande. Na kwa sababu uso mweusi umekaa sentimita chache tu kutoka kwenye shela jeupe, mwambie bibi harusi aelekeze uso kwenye mwanga na kifua kando kidogo, washa lile onyo la kioo cha kamera linalopepesa mahali palipoungua, hakikisha nyuzi za shela bado zinaonekana, na upige kwa RAW, lile faili ghafi la kamera, ili uweze kuunyanyua uso baadaye bila kulipoteza shela.

Kukataa kuwaka wakati wa keki kuna maelezo rahisi. Kwa ISO 200 na f/5.6, kila mweko ulioupitisha darini ulikuwa unakamua flashi karibu na nguvu yake yote, na keki ndiyo saa ambayo mtu anapiga picha arobaini kwa dakika moja. Ama betri zilishindwa kujaza haraka, ama kinga ya joto ilijifungia. Mimi lilinikuta miaka mingi iliyopita, kwenye ukumbi mmoja wa Dar es Salaam, bibi harusi akiwa amefika katikati ya zulia na baba yake. Kioo cha mbele cha flashi kilikuwa kimeanza kuwa na rangi ya chai. Kwa ISO 1600 na nguvu ya sehemu ya kumi na sita, flashi ileile inapiga mfululizo bila kuhema. Tumia betri za kuchaji za NiMH, seti tatu za nne nne, kila seti ikae pamoja daima, na ubadilishe kabla ya keki hata kama hazijaisha. Betri za kawaida za dukani zinaanza vizuri kisha zinakusubirisha sekunde tano, sita, kumi.

Mtu wa video atakuja na taa yake ya LED juu ya stendi, na mara nyingi ataiweka palepale ulipotaka kusimama. Usigombane naye. Taa yake inawaka muda wote, kwa hiyo ihesabu kama sehemu ya mwanga wa ukumbi: simama ili iwe pembeni au nyuma ya maharusi, ikupe ule ukingo wa mwanga kwenye nywele na mabega, na flashi yako ijaze mbele.

Kanisani na kwenye nikaha ni habari nyingine, na jibu lake ni fupi: uliza kabla. Wapo mapadri na wachungaji wasiotaka mweko wakati wa ibada, wengine wanaruhusu kwenye pete tu, na baadhi ya misikiti haitaki kabisa. Pale flashi inaporuhusiwa na taa ni zile za manjano za Kelvini 3000 hivi (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), bandika juu ya flashi kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa, kwa kuwa flashi yenyewe ni kama Kelvini 5500 na itamfanya padri awe wa buluu mbele ya altare ya dhahabu. Ukumbini, kwenye taa za rangi kumi zinazozunguka, usijisumbue nacho.

Kuhusu pesa uliyotaka kuitumia kwa flashi kubwa, nunua flashi ya pili ya ukubwa huohuo pamoja na triga ya redio ya kuiwasha kutoka mbali, stendi na mwavuli mweupe. Iweke kona ya ukumbi iliyo mkabala na meza kuu, juu mita mbili na nusu, ielekee sehemu ya kuchezea, nguvu sehemu ya nane. Picha za kuserebuka zitakazopigwa huku flashi hiyo ikiwa nyuma ya watu zitakuwa na kina ambacho flashi ya juu ya kamera, hata iwe kubwa vipi, haiwezi kukipa. Mwavuli utumie kwa picha za familia, ambako unahitaji f/5.6 ili safu ya nyuma nayo iwe kali; kamwe usiweke mwavuli kwenye kona ya kuchezea, kwa sababu feni la ukumbi peke yake linatosha kuuangusha. Mguuni mwa stendi ning'iniza mfuko wa mchanga kilo tatu au nne, na uzungushie miguu utepe mweupe, maana ikifika saa tano usiku shangazi wanaokuja na zawadi wakicheza kinyumenyume hawatazami chini.